Kabla ya Kupanga au Kununua Nyumba Kando ya Mto New Zealand

Nchini New Zealand, halmashauri ya mkoa ndiyo yenye dhamana ya mito, matuta ya kuzuia mafuriko na mifereji mingi inayokausha mashamba ya bondeni, kazi iliyoirithi mwaka 1989 kutoka kwa bodi za mabonde ya mito. Mitaro ya mvua mitaani, vibali vya ujenzi na kumbukumbu za viwanja viko kwa halmashauri ya jiji au ya wilaya. Auckland, Nelson, Tasman, Marlborough na Gisborne, chombo kimoja hufanya yote.

Ukienda kukagua nyumba, usitulizwe na tuta refu lililoota nyasi. Tuta hujengwa kwa kipimo: likikusudiwa kuhimili mafuriko ambayo uwezekano wake ni asilimia 1 kila mwaka, basi katika miaka 30 ya mkopo wa nyumba, uwezekano wa kufikiwa na mafuriko ya kiwango hicho au zaidi angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kinga yenyewe pia huweza kushindwa, kama ilivyokuwa Edgecumbe mwezi Aprili 2017, mto Rangitāiki ulipobomoa ukuta wa zege na mji mzima ukalazimika kuhama. Hata tuta likisimama imara, maji huweza kujaa upande wako. Mfereji unaopita chini yake huwa na kifuniko kinachoruhusu maji ya mtaani kutoka na kujifunga mto unapopanda. Mvua ikizidi kunyesha, maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa kwa pampu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, omba halmashauri ya jiji au wilaya taarifa ya kiwanja iitwayo LIM, ambayo kisheria hutolewa ndani ya siku 10 za kazi, kisha waulize watu wa mkoa tuta lilijengwa kuhimili mafuriko ya kiwango gani na pampu ya eneo hilo ni ya nani. Ulizia bima mapema, maana benki huidai kabla ya kutoa mkopo. Mpangaji naye akate bima ya vyombo vyake, kwani ya mwenye nyumba haivihusu.

Ukishanunua, tarajia kodi ya mkoa yenye tozo ya mfumo wa mafuriko unaokulinda, na usichimbe wala kupanda mti kwenye tuta bila kibali, kwa sababu mizizi hulidhoofisha. Mpango wa muda mrefu wa halmashauri, unaogusa tozo hizo na ukarabati wa matuta, hupitiwa kila miaka 3, na mkaazi yeyote anaweza kuwasilisha maoni yake.