Mashine imehama floo lakini IP bado ni ya kule chini? Anzia hapa

Juzi tumehamisha watu wa akaunti kutoka floo ya tatu kwenda ya tano, hapa Upper Hill, mashine kumi na moja, na Jumatatu kabla hata sijamaliza chai simu haikuwa inanyamaza, kila mtu neti haiko. IP ni anwani ya mashine kwenye mtandao: za floo ya tatu zinaanza na 192.168.30, za floo ya tano 192.168.50. Nikakaa kwa mashine ya kwanza nikaandika ipconfig /all kwa Command Prompt ya Windows na ndio hiyo, 192.168.30.47, getiwei (mlango wa kutoka nje ya mtandao wa floo) 192.168.30.1. Mwili uko juu, roho iko chini.

Kabla hujaanza kuzima na kuwasha kila kitu, jua hivi: IP ya DHCP, yaani ile seva inapeana yenyewe, ni ya kukodi, na mashine haiulizi kila saa kama bado iko mahali pake. Inauliza ikiwashwa, kebo ikikatika na kurudi, ama nusu ya muda wa kukodi ikifika. Windows Server ukiiacha vile ilivyokuja inapeana siku 8, yaani nusu ni siku 4, sasa wewe waambie watu wa akaunti wangoje siku nne mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ipconfig /all angalia kwanza mstari wa DHCP Enabled. Ikisema No, kuna mtu aliandika IP kwa mkono na akasahau, andika ncpa.cpl (inafungua orodha ya kadi za mtandao), ingia kwa properties za kadi yako, IPv4, uiambie itafute yenyewe, umemaliza. Ikisema Yes, piga ipconfig /release alafu ipconfig /renew. Lakini tafadhali usipige release kama umeingia hiyo mashine kwa rimoti, utajifungia nje na itabidi upande ngazi, mimi nimepanda.

Renew ikirudisha 169.254 na kitu, hakuna seva iliyojibu. Mashine hupiga kelele kuomba IP na hiyo kelele haivuki rauta yenyewe, lazima rauta iwe na ip helper-address (amri ya kuipeleka mpaka kwa seva) kwa hiyo VLAN mpya, yaani kipande cha mtandao cha floo mpya, na seva iwe na skopu yake, yaani fungu la IP za kupeana huko. Ikirudisha ile ile ya 30, andika ping 192.168.30.1 uone kama getiwei ya zamani inaitika. Ikijibu, basi mashine haina makosa, poti ya swichi ndio bado iko VLAN ya zamani.

Sisi shida yetu ilikuwa hapo katikati. Ijumaa jioni mashine zimechomekwa na kuwashwa, poti za juu bado ni VLAN 30, zikajichukulia IP za 30. Usiku jamaa wa swichi akabadilisha poti kuwa VLAN 50 akaenda nyumbani. Kubadilisha VLAN hakuzimi ile taa ya kebo hata kidogo, kwa hivyo mashine haijui kama kuna kitu kimebadilika. Dawa ni shut alafu no shut, yaani kuzima na kuwasha, kwa hizo poti za swichi. Nane zikaamka hapo hapo. Tatu zikakataa, nikainama chini ya meza nikapata kaswichi ka poti tano, kale ka bei rahisi, kamejaa vumbi, taa zake zinawaka kijani bila wasiwasi. Kumbe ukizima poti kule juu, ni kaswichi kanakatika, lakini kati ya kaswichi na mashine kebo iko hai tu. Hizo nilichomoa kebo upande wa mashine moja moja, nikahesabu mpaka kumi, nikarudisha.

Kama seva yako ni dhcpd ya Linux, angalia pia kama kuna neno authoritative, kwa /etc/dhcp/dhcpd.conf. Bila hilo, mashine ikija kuomba IP ya mtaa mwingine seva inanyamaza badala ya kuikatalia, na kuna mashine zitaendelea na ile ya zamani kwa sababu muda haujaisha. Upande wa mashine ya Linux inayoomba IP, kama inatumia dhclient, ni sudo dhclient -r alafu sudo dhclient.

Ukimaliza piga ipconfig /flushdns na ipconfig /registerdns (DNS ndio inageuza jina la mashine kuwa IP), la sivyo ukiping kwa jina bado unapelekwa IP ya jana.

Printa nayo ilinikalia mpaka saa nane. IP yake iliwekwa kwa kubonyeza vibonye vya printa yenyewe, hakuna release inaifikia. Nimeiweka DHCP, nikaishikia IP moja kwa seva kwa kutumia MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao), alafu nikazunguka mashine zote kumi na moja kubadilisha poti ya printa, yaani ile IP ambayo Windows inatumia kuifikia.