Umealikwa harusi Lushoto? Soma hapa kwanza kabla hujapanga safari

Mdogo wangu aliolewa Lushoto mwaka juzi na mwezi wa saba huu tunapanda tena, safari hii anaoa shemeji yetu, na mimi nipo kamati ya usafiri kwa hiyo simu haipumziki, mara huyu anauliza avae nini mara yule anauliza kama anaweza kutoka Dar asubuhi akawahi ukumbini jioni. Naandika yote hapa, na wewe unayeenda harusi nyingine kabisa ya kule itakusaidia pia.

La kwanza na ndio kubwa kuliko yote: fika siku moja kabla, na ufike Mombo jua bado lipo. Mombo ndio pale barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha unaiacha unaanza kupanda mlima, na kutoka pale hadi Lushoto mjini ni kilomita kama 33 tu, lami, lakini usizihesabu kama kilomita 33 za Chalinze. Ni kona juu ya kona, barabara nyembamba, upande huu jiwe upande ule bonde, lori la kabeji linashuka wewe unapanda, mnapigiana honi mmoja anasubiri. Mwaka juzi kosta yetu ilichelewa kuondoka Dar kwa sababu ya watu wawili walioenda saluni, tukafika Mombo giza limeshaingia na juu kuna ukungu, na dereva alikuwa hajawahi kupanda kule. Tulitumia zaidi ya saa mbili. Mama mmoja mtu mzima alishika siti ya mbele kwa mikono miwili kutoka Mombo mpaka Soni hakusema neno, na alipoteremka vidole vilikuwa vimekakamaa, nikamkanda mimi mwenyewe. Sitaki lile lijirudie kwa mtu yeyote.

Kutoka Dar mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yapo, yanaondoka asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi, kata tiketi mapema hasa wikiendi. Ukilikosa panda la Moshi au Arusha mwambie konda akushushe Mombo, pale utapata gari ndogo za kupandisha mlimani mchana kutwa, jioni zinapungua. Wenye gari binafsi, wengi siku hizi tunapita Bagamoyo na Msata kukwepa foleni ya Kibaha na Chalinze, halafu Segera, Korogwe, Mombo. Jaza mafuta Mombo na kagua breki kabla hujapanda, na siku ya kurudi shuka na gia ndogo, usikanyage breki kilomita zote 33 zitapata moto zikuache. Wanaotoka Nairobi au wanaokuja na ndege, Lushoto haina ndege za abiria, shukeni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mpitie Moshi, Mwanga, Same, hadi Mombo, mtaingia Mombo mkitokea upande wa kaskazini na kupanda barabara ile ile.

Kama unatapika kwenye gari sema mapema ukae mbele, usile chipsi mayai Mombo halafu upande, tafuna tangawizi. Watoto wabebeeni mifuko.

Sasa baridi. Watu wa Dar na Tanga hawaamini mpaka waione. Mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo unatoa jasho na saa moja baadaye unatafuta sweta, na mwezi wa sita na wa saba ndio mbaya zaidi, usiku ukumbini unatoa moshi mdomoni. Sare yetu ya mwaka juzi ilikuwa shifoni mikono wazi, ilipendeza kwenye picha za saa kumi, ilipofika saa tatu usiku akina shangazi walikuwa wamejifunika khanga mbili mbili juu ya gauni na hakuna aliyetaka soda. Kwa hiyo safari hii sare ni kitenge chenye mikono, chini vaa taiti nzito, na beba sweta au shuka la Kimasai zuri tu ambalo linakaa vizuri mabegani. Wanaume suti ndio mahali pake huku. Viatu vya kisigino chembamba acha, au vaa ndani ukumbini tu maana nje ni udongo mwekundu na vilima, ikinyesha unateleza. Na harusi ikiwa mwezi wa tatu mpaka wa tano ni masika, mvua inaweza kuporomosha udongo barabarani, ongeza siku nzima kwenye ratiba yako.

Malazi: gesti za mjini zipo, hosteli za makanisa zipo safi na tulivu, lodge zipo kuelekea Irente na Magamba, ila mji ni mdogo, harusi mbili zikigongana vyumba vinaisha. Uliza maswali mawili tu, maji ya moto yapo? blanketi ni mangapi? Ukilala nje ya mji panga mapema na bodaboda au gari la kukurudisha usiku. Beba keshi kidogo pia, mtandao bondeni unasumbua.

Kingine, uliza ndoa ni ya msikitini au ya kanisani maana Lushoto wote wapo na wanaoana vizuri tu. Kwa Waislamu jisitiri kichwa na usiingie na bia. Wazee waamkie kwanza kabla hujauliza chumba kiko wapi, wanaliangalia sana hilo. Zawadi kubwa kama friji usihangaike kuipandisha, tuma hela kwa mweka hazina.

Asubuhi baada ya harusi usikimbilie basi. Nenda Irente, kilomita kama sita kutoka mjini, ukitembea ni kama saa moja na nusu, unasimama ukingoni mwa jabali na chini yako Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu ya Moshi imekuwa kama uzi. Mkipenda msitu basi Magamba, mbega mnaweza kuwaona. Halafu wakati wa kushuka nunua karoti, mapichesi kama ni msimu, na matunda damu, ila yawekeni juu kwenye siti, mwaka juzi tuliweka buti yakafika Dar yamekuwa juisi.

Kosta yetu inaondoka Ijumaa saa kumi na mbili kamili asubuhi, saluni fanyeni Alhamisi.