Ukichora bahari Mikindani, wangoje ndege maji yakijaa

Wachoraji wenzangu wa Mtwara, msiwafuate ndege matopeni. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya Mikindani hupwa mbali mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na ndege wa pwani kama sululu na vitwitwi wanabaki vidoadoa tu kwa mbali. Kaa karibu na mikoko, tulia, ngoja maji yaanze kujaa. Yatawasogeza ndege wenyewe mpaka ulipo. Juzi nilimwona sululu akimtikisa kaa hadi miguu ikachomoka, ndipo akammeza. Raha iliyoje! Mchore ndege kwanza, kwa penseli, haraka, ukianzia na ule mdomo uliopinda chini. Bahari utaipaka baadaye. Na mchanga uliolowa usiupake kahawia: upake rangi ya mbingu ya saa ile.