Ramani tatu za mahali pamoja: namna ya kutafiti maendeleo pamoja na wenyeji

Neno "jamii" limewapoteza watafiti wengi. Ukiingia uwandani ukidhani wenyeji wana sauti moja, utarudi na sauti ya waliokaa viti vya mbele mkutanoni. Maelezo haya yanafaa timu ya watu watatu au wanne wanaotaka kujua jinsi mradi, iwe bwawa, barabara au hifadhi ya msitu, unavyobadilisha maisha katika eneo lenye kaya mia kadhaa.

Kwanza swali. "Je, mradi huu ni endelevu?" halijibiki. Ripoti ya mwaka 1987 ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ilieleza maendeleo endelevu kuwa yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Fasili nzuri, ila huwezi kumuuliza mtu mlangoni kwake. Ivunjevunje: kuni zilikatwa wapi kabla ya hifadhi, sasa zinapatikana wapi, safari imerefuka kwa dakika ngapi, na nani nyumbani anayeitembea? Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 yatakusaidia kupanga mada. Maswali yaandike mwenyewe.

Pata kibali cha taasisi na cha viongozi wa eneo, lakini kumbuka kwamba kiongozi hawezi kumkubalia mtu mwingine. Kila mhojiwa asomewe maelezo ya ridhaa kwa lugha yake, aambiwe anaweza kuruka swali au kuacha wakati wowote.

Kazi yenye utamu zaidi ni ramani shirikishi, yaani ramani wanayoichora wenyeji wenyewe. Unda vikundi visivyopungua vitatu vya watu 6 hadi 10: wanawake, wanaume, na wale wasio na ardhi au waliohamia karibuni. Vijana wakiwa wengi, wapewe kikundi chao. Usivichanganye: mbele ya mwenye shamba, kibarua hukubali kila kitu. Tandika karatasi kubwa au tumia chaki sakafuni, na tenga saa mbili. Waanze na alama ambazo hazina ubishi, kama mto, njia na soko. Kalamu ihame mkono kila baada ya dakika 20 hivi, la sivyo mmoja ataimiliki ramani. Wewe usichore hata mstari. Ikishachorwa, uliza: hapa palikuwa na nini miaka kumi iliyopita? Nani haruhusiwi kupita hapa? Wapi pana ugomvi? Piga picha kabla chaki haijafutwa.

Kosa la kawaida ni kuziunganisha ramani ziwe moja safi. Kisima kilichoonekana kwa wanawake na kukosekana kwa wanaume si dosari ya kusahihisha. Hiyo ndiyo data. Waulize pia kipi kisitoke nje ya kikundi. Mpaka wenye mgogoro au mahali pa matambiko vikichapishwa, huwezi kuvirudisha, na mwenye nguvu atavitumia.

Baada ya hapo tembea na wenyeji wawili watatu kwa mstari unaokatiza tofauti za eneo, tuseme kutoka bondeni hadi mlimani, kilomita 2 hadi 4. GPS ya simu mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hivi, na zaidi chini ya miti au kati ya majengo marefu, kwa hiyo andika kiwango cha usahihi kando ya kila nukta. Usiambatane na barabara: maskini zaidi mara nyingi wako mbali nayo. Na ukienda kiangazi tu, hutaiona njaa wala matope ya masika.

Hojaji ije mwisho, ikiwa imeshafundishwa na ramani. Kwa kaya 600 na kosa linalokubalika la asilimia 5, fomula ya Yamane, inayokadiria ukubwa wa sampuli (kaya za kuhojiwa), ni 600 ÷ (1 + 600 × 0.0025), yaani kaya 240. Ongeza asilimia 10 kwa watakaokataa au kukosekana: 264. Ukikubali kosa la asilimia 10, kaya 86 zinatosha kwa eneo zima, lakini hazitoshi kulinganisha vikundi vidogo. Orodha ya kaya ihakikiwe kwa miguu, na kabla ya kuhesabu mkubaliane kaya ni nini. "Wanaokula chungu kimoja" hufaa mara nyingi, ila amua mapema kuhusu aliye mjini anayetuma fedha. Hojaji ijaribu kwa kaya 10 hadi 15 zilizo nje ya sampuli, na isizidi dakika 45. Chakula uliza cha siku 7, mavuno ya msimu uliopita. "Je, umefaidika na mradi?" litakuletea "ndiyo" nyingi, kwa sababu mgeni mwenye karatasi hudhaniwa ana msaada.

Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa 4 hadi 6 kuinakili kwa maandishi, nayo isisahaulike kwenye bajeti. Majina yatenge na majibu. Nukta za nyumba zisogeze kabla ya kuchapisha ramani, kwani nukta humtambulisha mtu kama jina. Jaribu pia kujumlisha data kwa kata, kisha kwa kitongoji. Picha ikibadilika, taja wazi ni mipaka ipi umeitumia.

Kabla ya kuandika ripoti, rudi kwa vikundi vilevile na matokeo kwenye karatasi kubwa. Wakipinga, andika wanachopinga kando ya matokeo yako, na waachie nakala ya ramani halisi.