Mpigie shangazi, muulize kuhusu mrenda
Juni 2021 kafyu ya korona ilisogezwa hadi saa moja jioni Kisumu na kaunti nyingine 12 za Magharibi, Nyanza na Bonde la Ufa. Masoko ya wazi yakafungwa, na porojo za kwa mama mboga zikaenda nayo. Tukifungiwa tena, jaribu hili: usimpigie mtu simu kumuuliza tu kama yuko salama. Atasema yuko salama, na simu itaishia hapo. Mpigie ukiwa na shida anayoijua yeye. Muulize shangazi magadi ya mrenda hutiwa lini, maji yakichemka au baadaye. Hapo ndipo utasikia mengi: kiasi cha magadi, mboga ya kuchanganya, hata nani pale kijijini huupika vibaya. Mtu akiombwa ujuzi wake hujua bado anahitajika, na wazee wanaoishi peke yao ndio hasa hukosa hilo. Wenzetu wa WhatsApp hawakosi wa kupiga nao gumzo. Anza na wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Umtumie na kredo ya shilingi 20, ili kesho apige yeye. Habari za vifo waachie redio.