SOMO: Namna ya kusoma Neno na vitabu vya kujijenga mpaka vikutie moyo kweli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kila wiki yanarudi maswali yaleyale: nianzie wapi, nisome kitabu gani, na mbona nasoma kila siku lakini nabaki nilivyokuwa. Nayajibu hapa yote kwa mara moja. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Mahitaji: Biblia, daftari la kawaida la shule, penseli, na dakika 20 kwa siku.

Hatua ya 1. Chagua kitabu kimoja kifupi cha Biblia. Wafilipi una sura 4, Yakobo 5, Marko 16. Usianze na Mwanzo kwa nia ya kumaliza Biblia nzima. Mwanzo na nusu ya kwanza ya Kutoka inasomeka kama hadithi, lakini ukifika Kutoka 25 unapokelewa na vipimo vya hema, mbao na mapazia, kisha zinafuata sura 27 za Mambo ya Walawi. Hapo ndipo wengi huacha na kujihesabu wavivu, wakati kilichowashinda ni pale walipochagua kuanzia.

Hatua ya 2. Weka saa ileile na mahali palepale kila siku. Kabla ya kushika simu ndiyo saa nzuri kuliko zote.

Hatua ya 3. Soma fungu zima, mistari 10 hadi 20, mara mbili: kimya, halafu kwa sauti. Tafsiri ya Union Version ya 1952 inafaa sana kwa kukariri. Kiswahili chake kikikukwamisha, soma fungu hilohilo kwenye tafsiri nyepesi ya Habari Njema kisha urudi.

Hatua ya 4. Andika mambo manne daftarini, kila moja sentensi moja: andiko na tarehe, fungu linasema nini kwa maneno yako mwenyewe, linanigusa wapi, leo nitafanya nini. Ukishindwa kuandika la pili, bado hujaelewa. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5. Usiuchukue mstari kabla ya kujua umetoka wapi. Hapa naomba utulie, maana ndipo watu wengi huumia kiimani.

Chukua Yeremia 29:11, «Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi». Mtu anaubandika ukutani akingojea kazi ndani ya mwezi, mwezi unapita, anaanza kujiuliza kama Mungu anamwona. Sasa fungua sura yenyewe. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na wapande bustani hukohuko. Mstari wa 7 unawaambia wautakie amani mji uliowateka. Mstari wa 10 unataja muda: miaka 70. Rudi nyuma sura moja tu, ya 28, utamkuta nabii Hanania akiwaahidi watu waliobaki Yerusalemu kwamba mambo yatakwisha ndani ya miaka miwili. Hanania alikuwa anawadanganya. Ukishayajua hayo, mstari wa 11 unakutia moyo zaidi ya mwanzo, kwa sababu unakufundisha kupanda bustani mahali ambapo hukutaka kuwapo, na kungoja muda mrefu bila kudhani umesahauliwa.

Wafilipi 4:13 ni vivyo hivyo. «Nayaweza mambo yote» watu huusema kabla ya mtihani au mechi. Mistari miwili iliyotangulia inayataja hayo mambo yote: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Tena Paulo anaandika akiwa kifungoni. Ni mstari wa mtu aliyejifunza kuwa radhi, kwa hiyo unamfaa hata yule aliyefeli mtihani.

Jinsi ya kufanya: soma mistari 10 kabla na 10 baada. Uliza nani anasema, anamwambia nani, na walikuwa katika hali gani. Ukikuta «basi», «maana», «kwa hiyo» au «lakini» mwanzoni mwa mstari, jua sentensi imeanzia nyuma. Warumi 8:1 una «basi», na bila sura ya 7 huwezi kujua kwa nini Paulo anafurahi hivyo. Kumbuka pia kwamba waandishi wa Biblia hawakuweka namba. Mgawanyo wa mistari tunaoutumia katika Agano Jipya uliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, na mara nyingi namba hukata wazo katikati.

Tahadhari tatu:
– Usifunue Biblia kwa kubahatisha na kuuchukua mstari wa kwanza unaouona kuwa jibu la siku. Hiyo ni ramli, hata kama kitabu ni kitakatifu.
– Angalia msemaji, hasa katika Ayubu. «Nawe utakusudia neno, nalo litathibitika kwako» (22:28) hutumika sana kufundisha watu kutamka mafanikio. Aliyesema ni Elifazi. Katika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi huyo kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa.
– Ahadi inaposomwa bila mstari wake wa pili, inageuka. Warumi 8:28 unasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Mema hayo yanaelezwa katika mstari wa 29: kufananishwa na mfano wa Mwana.

Hatua ya 6. Kitabu cha ibada za kila siku kije baada ya Biblia, kisiichukulie nafasi. Kiwe Kesha la Asubuhi, kijitabu cha kanisa lako, au kile cha kwenye simu, umbo ni lilelile: mstari mmoja, maelezo ya ukurasa mmoja, sala. Soma kwanza sura ambayo mstari umetoka, halafu ndipo usome maelezo. Utaanza kuona mwenyewe siku ambazo mwandishi ameutendea haki na siku ambazo ameuazima tu.

Hatua ya 7. Kitabu cha kujijenga, kimoja kwa wakati, sura moja kwa wiki. Kabla ya kununua, simama dukani usome yaliyomo na kurasa tano za katikati, kwa sababu sura ya kwanza hupambwa. Kama kinanukuu Biblia, fungua maandiko matano ya kwanza aliyoyataja. Yakiwa matatu kati ya hayo yamepindishwa, kirudishe rafuni. Kama kinahusu fedha na kimeandikwa Marekani, utakuta ushauri wa mikopo ya nyumba ya miaka 30 na kadi za benki. Chukua kanuni, ihamishie VICOBA, SACCOS au chama chako. Kitabu kinachodai kwamba kila maskini ni maskini kwa sababu ya mawazo yake, kiache. Mithali 24:30–34 inalaumu uvivu, lakini Mithali 13:23 inasema wazi kuwa wapo wanaopotea kwa kukosa kutendewa haki. Mwandishi anayekupa upande mmoja tu atakufanya umdharau jirani yako.

Hatua ya 8. Tendo moja kwa siku, dogo, lenye jina na saa. «Nitakuwa mvumilivu» si tendo. «Saa kumi nitampigia dada yangu nimwombe radhi» ni tendo.

Hatua ya 9. Ukikosa siku, endelea ulipoishia. Usisome sura mbili kufidia na usianze upya. Ile habari ya siku 21 za kujenga tabia isikutese: utafiti wa University College London uliochapishwa 2010 ulipata wastani wa siku 66, wengine siku 18, na makadirio kwa wengine yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Hatua ya 10. Jumapili jioni soma daftari la wiki nzima.

MASWALI

mgeni_jamvini: Mkuu asante ila ni ndefu. Nitajie tu kitabu kizuri cha kunitia moyo.
Jibu: Hatua ya 1.

boda_Kahama: Shikamoo mtumishi. Mimi niko kijiweni toka asubuhi, kutulia na daftari ni shida. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Sikiliza badala ya kusoma. Pakua Biblia ya sauti ukiwa penye Wi-Fi ili isile bando. Wafilipi yote kwa sauti ni kama robo saa, unaweza kuisikiliza mara mbili ukingoja abiria. Usisikilize ukiwa unaendesha. Badala ya daftari, jirekodi kwenye simu yale mambo manne. Fanya Wafilipi hiyohiyo wiki nzima kabla ya kuhama. Kwa anayesikiliza, kurudia ndiyo penseli yake.

mshindi_daima: Nikikosa siku mbili naanza upya au?
Jibu: Hatua ya 9. Imeandikwa.

mwana_wa_ahadi: Huku ni kumzimisha Roho. Yeremia 29:11 ni yangu kwa imani, hizo habari za Babeli zinanihusu nini?
Jibu: Ndugu yangu, sijakunyang'anya mstari. Nimekuongezea kumi iliyouzunguka, na Roho ni yuleyule aliyeivuvia yote. Hanania naye alisema kwa imani na kwa sauti kubwa. Soma sura ya 28 na 29 kwa pamoja, kisha urudi tuongee.
mwana_wa_ahadi: Nimezisoma. Nitarudi.

mama_wa_genge: Bwana asifiwe. Nimefiwa mwezi uliopita. Kila anayekuja ananiambia nisome Zaburi 23, lakini siwezi, nalia tu. Kuna kingine?
Jibu: Pole sana mama. Mungu akushike. Huna haja ya kulazimisha Zaburi 23 sasa hivi. Zaburi zipo 150, na nyingi ni za kilio. Anza na ya 13, ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza «hata lini» mara nne, miwili ya katikati inaomba, miwili ya mwisho inatumaini. Ukiweza mistari miwili ya kwanza peke yake, ishia hapo, ni sala kamili. Kisha 42 na 77. Siku ambayo giza limezidi, soma 88: inaanza kwa kilio na inaishia gizani, wala haikuondolewa kwenye Biblia. Ukipata nguvu, andika yako kwa umbo la ile ya 13. Daftari hilo si la kumwonyesha mtu.
mama_wa_genge: Asante. Nimesoma ya 13. Nimeishia ya pili.
Jibu: Inatosha kwa leo, mama.

parokiani: Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tuna masomo ya Misa ya kila siku. Hatua hizi zinaingiaje?
Jibu: Milele na milele, amina. Zinaingia vizuri kabisa. Tumia Injili ya siku badala ya hatua ya 1, maana imekwisha kuchaguliwa. Nanyi mna njia ya zamani zaidi, Lectio Divina, ambayo Guigo wa Pili, mmonaki wa Kikartusi, aliieleza katika karne ya 12 kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele ya Mungu. Hiyo ngazi ya nne sisi wengine tunairuka kwa haraka zetu, na tunapungukiwa.

mchambuzi: Hivi vijitabu vya mstari wa kila siku vilianzia wapi?
Jibu: Swali zuri. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza 1728 kupeleka andiko moja nyumba kwa nyumba kila siku, na kitabu cha kwanza kikachapishwa kwa ajili ya 1731. Kinatoka kila mwaka mpaka leo. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, halafu mtu huchagua wa Agano Jipya unaoendana nao. Ni kanisa lilelile lililofika Rungwe 1891. Ukipenda mpango wa Biblia nzima, upo wa mchungaji wa Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, wa 1842: sura nne hivi kwa siku, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ni mzito, subiri mpaka daftari la kwanza liishe.

kimya_kimya: Nasoma, nasali, lakini miezi miwili sasa silali, chakula sina hamu, na nimeanza kuona bora nisiwepo. Nisome nini?
Jibu: Mpendwa, leo usisome kwanza. Mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno hayohayo uliyoandika hapa, na mwende naye hospitali, hata ya wilaya, mkaeleze hivyohivyo. Usikae peke yako usiku huu. Hali ya namna hii ikipita wiki mbili inahitaji tabibu, na wala haimaanishi imani yako ni ndogo. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliomba afe. Mungu alimlaza kwanza, akamlisha mkate na maji, akamlaza tena, akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Nimekuandikia pembeni, tafadhali nijibu.

mwanakwaya: Dogo tu: wino unapenya kurasa za Biblia yangu. Mnatumia nini?
Jibu: Penseli ya HB, isichongwe kali sana. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, kalamu za rangi za majimaji hutokea upande wa pili.
boda_Kahama: Hata penseli za rangi za watoto zinafaa, zile kavu.
Jibu: Kweli. Weka kadi ngumu chini ya ukurasa unapopiga mstari, isiache alama kwenye kurasa zinazofuata.