Kutoa Mchango wa Hisani Kutoka kwa Mafao ya Kustaafu: Mwongozo kwa Mstaafu wa Nairobi

Mstaafu anayetaka sehemu ya mafao yake iyafae makao ya watoto kule Dagoretti, au ilipe karo za wanafunzi wa shule aliyosomea, anapaswa kufahamu jambo moja kabla ya kuahidi chochote. Fedha zilizomo katika mfuko wa pensheni nchini Kenya zimo mikononi mwa wadhamini, yaani watu waliokabidhiwa kuzitunza kwa niaba ya wanachama, na hakuna utaratibu wa kuwaagiza wazipeleke moja kwa moja kwa shirika la hisani ilhali mwanachama yu hai. Kwa hiyo njia ni mbili: kupokea mafao kisha kutoa, au kuacha maagizo ya kitakachofanyika ukifariki. Kila njia ina karatasi zake, na anayezichanganya huwaachia mzozo watu wale wale aliokusudia kuwafaa.

Kutoa ungali hai ndiko ninakokupendekezea, kwa sababu unajionea kazi inayofanywa na mchango wako na unaweza kuuliza maswali. Mwanachama wa mfuko wa pensheni anapostaafu huweza kuchukua hadi theluthi moja ya akiba yake kwa mkupuo. Inayobaki hugeuzwa kuwa malipo ya mara kwa mara, ama kwa kununua pensheni ya maisha katika kampuni ya bima, ama kwa kuiacha iendelee kuwekezwa huku akichota kidogo kidogo. Mfuko wa akiba usio wa pensheni hulipa fedha zote kwa pamoja. Mchango utoke kwenye mkupuo huo, na utolewe baada ya kukadiria bima ya matibabu na madeni, kwa kuwa pensheni ya mwezi ikishapangwa haitaongezwa kwa sababu hospitali imepandisha ada zake.

Kuhusu kodi, hali imebadilika, na ushauri wa zamani haufai tena. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mafao anayolipwa mwanachama aliyefikia umri wa kustaafu kwa mujibu wa kanuni za mfuko wake hayakatwi kodi ya mapato. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango wa fedha taslimu kwa shirika la hisani linalotambuliwa uondolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini ikiwa mapato yako yote ni mafao yasiyotozwa, hakuna cha kuondolea. Nafuu hiyo humfaa mstaafu ambaye bado anafanya kazi ya ushauri au biashara. Mwenye nyumba za kupangisha kule Umoja au Kasarani, ambaye hulipa kodi ya asilimia 7.5 ya pango lote la makazi, hapati nafuu kwa njia hiyo, kwa maana kodi hiyo hutozwa bila kutoa gharama yoyote. Mtu atoe kwa nia ya kusaidia. Akimsikia mchangishaji akimwahidi kwamba Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) itamrudishia sehemu ya fedha, aombe kwanza kuonyeshwa hesabu.

Anayestahili nafuu hiyo adai kutoka kwa shirika stakabadhi yenye jina na PIN ya shirika (nambari yake ya mlipakodi), pamoja na nakala ya hati ya msamaha wa kodi iliyotolewa na KRA, na aangalie tarehe kwenye hati hiyo, kwa sababu huisha muda na kuhitaji kufanywa upya. Fedha zilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la shirika. Kwa M-Pesa, kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, na nambari ya simu ya mtu binafsi, hata awe mwenyekiti anayeheshimika, haifai kupokea mchango wa shirika.

Njia ya pili ndiyo inayowakosesha wengi usingizi, na chanzo chake ni wasia. Mtu huenda kwa wakili, akaandika kwamba robo ya pensheni yake iende kanisani au msikitini, akatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, akarudi nyumbani ameridhika. Hata hivyo, kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema kwamba mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake, bali hulipwa na wadhamini kwa kufuata kanuni za mfuko. Wasia huo basi hauyagusi mafao yaliyobaki mfukoni, ingawa unaweza kugusa fedha ulizokwisha kuzipokea na kuziweka benki.

Karatasi inayotazamwa na wadhamini ni fomu ya kuteua wanufaika. Fomu hiyo kwa kawaida ina safu za jina, uhusiano na mwanachama, nambari ya kitambulisho, na asilimia ya mgao. Shirika halina kitambulisho wala undugu nawe, na ndiyo sababu inafaa umwandikie msimamizi wa mfuko barua ukiuliza kama kanuni zinaruhusu kuteua shirika, na kama jina la usajili na nambari yake vyatosha. Jibu nalo ulidai kwa maandishi. Hata jibu likiwa ndiyo, kanuni za mifuko mingi huwaachia wadhamini hiari ya kuwatazama kwanza mjane, watoto na wazee waliokuwa wakikutegemea, kwa hiyo waeleze jamaa zako mapema unachokusudia. Fomu iliyojazwa kabla ya ndoa au kabla ya kuzaliwa watoto ibadilishwe.

Wapo pia Wakenya waliofanya kazi Marekani na kurejea Nairobi wakiwa bado na akaunti ya kustaafu ya IRA. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye umri wa miaka 70 na nusu au zaidi kuagiza fedha ziende moja kwa moja kutoka IRA hadi kwa shirika la hisani bila kuhesabiwa kuwa mapato yake. Kikomo kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 108,000. Shirika hilo lazima liwe linalotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani, kwa hivyo makao ya yatima yaliyosajiliwa Kenya pekee hayastahili, isipokuwa msaada upitie shirika la Marekani linaloyafadhili kwa uamuzi wake. Fedha zisipite katika akaunti yako ya benki hata kwa siku moja, na agizo litumwe mapema ili likamilike kabla ya tarehe 31 Desemba.